William Findley, Mkulima Aliyewataka Matajiri Wataje Maslahi Yao

Katika kizazi kilichoasisi Marekani, karibu kila mwanasiasa alipenda kuitwa mkulima. George Washington alijiita hivyo, na Thomas Jefferson aliwasifu wakulima kuliko watu wa kazi nyingine yoyote, ingawa wote wawili walikuwa mabwana wa mashamba makubwa ya Virginia ambako jembe lilishikwa na watumwa. William Findley wa Pennsylvania alikuwa mkulima wa namna nyingine. Aliingia Marekani akiwa kijana mhamiaji mwenye ufundi wa kufuma nguo, akanunua shamba, akalilima, akachaguliwa na majirani zake, na hatimaye akakaa katika Baraza la Wawakilishi kwa jumla ya miaka 22 bila kuwa na elimu ya chuo wala mafunzo ya sheria. Nimemsoma kwa muda mrefu, na kila ninapomrudia nazidi kuamini kwamba jambo kubwa alilotuachia ni hoja aliyoitoa mwaka 1786 katika bunge la jimbo lake: kwamba mwakilishi ana haki ya kutetea maslahi yake mbele ya wenzake, ila hana haki ya kuyafunika na kuyaita manufaa ya umma.

Alizaliwa kaskazini mwa Ireland mwaka 1741 au 1742, katika jamii ya Wapresbiteri ambao mababu zao walitoka Scotland. Watu hao walikulia katika malalamiko yaliyorithiwa kwa vizazi, juu ya kodi za wenye ardhi, juu ya zaka walizotozwa kwa ajili ya kanisa la serikali ambalo halikuwa lao, na juu ya sheria zilizowafungia milango ya nyadhifa za umma. Mwaka 1763 Findley alishuka Philadelphia, akaelekea magharibi hadi bonde la Cumberland, akafuma, akafundisha watoto kusoma kwa muda, akapata shamba, na mwaka 1769 akamwoa Elizabeth Cochran. Vita vya uhuru vilipoanza alijiunga na mgambo wa wilaya yake akafikia cheo cha kapteni. Vita vilipokuwa vinakwisha alivuka milima ya Allegheny na familia yake, akafungua shamba jipya katika wilaya ya Westmoreland, karibu na mahali ulipo leo mji wa Latrobe.

Ardhi hiyo haikuwa tupu. Katika mkataba wa Fort Stanwix wa mwaka 1768, Shirikisho la Iroquois, muungano wa mataifa ya wenyeji wa Amerika, liliikabidhi kwa Waingereza, ilhali Washawnee na Wadelaware, wenyeji wengine waliokuwa wakiishi na kuwinda katika nchi za upande huo hawakupewa sauti iliyowastahili. Tarehe 13 Julai 1782, muda mfupi kabla ya Findley kuhamia, Hannastown, makao makuu ya wilaya ya Westmoreland, iliteketezwa na wapiganaji wa Waseneca wakishirikiana na askari wa upande wa Uingereza. Nalitaja jambo hili kwa sababu simulizi za mkulima mnyonge aliyeinuka Marekani hupenda kuanzia kwenye shoka na gogo la kwanza, kana kwamba msitu ule haukuwa na wenyewe. Findley alikuwa mnyonge mbele ya matajiri wa Philadelphia. Mbele ya wenyeji wa nchi ile hakuwa mnyonge hata kidogo.

Kilichomwezesha mtu kama yeye kuingia bungeni ni katiba ya Pennsylvania ya mwaka 1776, ambayo kwa wakati wake ilikwenda mbali kuliko nyingi. Kila mwanamume huru mwenye umri wa miaka 21 aliyekaa jimboni mwaka mmoja na kulipa kodi aliruhusiwa kupiga kura, hata kama hakuwa na ardhi. Bunge lilikuwa na chumba kimoja, lilichaguliwa kila mwaka, na milango yake ilitakiwa iwe wazi kwa watu wenye mwenendo mwema. Hapakuwa na gavana wa kulizuia. Kulikuwa badala yake na Baraza la Wakaguzi, lililochaguliwa kila baada ya miaka saba kuchunguza kama katiba imefuatwa, na ni katika baraza hilo, mwaka 1783, ndipo Findley alipoanza kujulikana nje ya wilaya yake. Muda si mrefu akawa mbunge wa jimbo. Wenye mali wa Philadelphia waliichukia katiba hiyo tangu siku ya kwanza, na sababu kubwa ya chuki yao ilikuwa kwamba ilileta ndani ya ukumbi watu wa aina yake.

Mgogoro uliomtoa Findley hadharani ulihusu benki. Benki ya Amerika Kaskazini ilipewa hati ya kuanzishwa na Bunge la Muungano mwishoni mwa mwaka 1781 na kufunguliwa Philadelphia mwanzoni mwa 1782. Mwenye wazo hilo alikuwa Robert Morris, mfanyabiashara aliyekuwa msimamizi wa fedha za taifa wakati wa vita, na rais wa kwanza wa benki alikuwa Thomas Willing, ambaye kabla ya hapo alikuwa mshirika wake katika biashara. Benki hiyo ilisaidia sana katika miaka ya mwisho ya vita, na Findley mwenyewe angekuwa mjinga kulikana hilo. Lakini ilikopesha kwa muda mfupi, siku 30 hadi 45, yaani muda wa mfanyabiashara anayesubiri shehena yake iuzwe bandarini. Mimi nimekulia katika nyumba ya wakulima, na sihitaji kuelezwa maana ya mkopo wa namna hiyo kwa mtu anayepanda ngano wakati wa majani kupukutika na kuivuna kiangazi cha mwaka unaofuata. Mkulima wa Westmoreland aliyehitaji fedha za kulipia ardhi, kununua ng'ombe au kukamilisha kodi alitaka mkopo wa miaka kadhaa kwa rehani ya shamba lake. Ofisi ya mikopo ya serikali iliwahi kutoa mikopo ya aina hiyo enzi za ukoloni, na mwaka 1785 bunge liliirudisha na kutoa noti za karatasi za jimbo. Wakuu wa benki walizipinga noti hizo. Mwaka huohuo bunge likaifutia benki hati ambayo jimbo nalo lilikuwa limeipa.

Katika kikao cha mwaka 1786, Morris, akiwa sasa mbunge, aliongoza juhudi za kuirudisha hati hiyo. Mjadala ulichukua siku kadhaa, na mchapishaji Mathew Carey aliunukuu na kuuchapisha, ndiyo maana tunaweza kuusoma leo karibu kama ulivyosemwa. Upande mmoja walikaa Morris, George Clymer na Thomas FitzSimons, watu wa mjini, wenye majumba na meli. Upande wa pili walikaa Findley, John Smilie na Robert Whitehill, wote kutoka wilaya za ndani. Kwa mujibu wa desturi ya siasa ya karne ile, mtu mwenye mali alihesabiwa kuwa kiongozi bora kwa sababu hana njaa: anaweza kuamua mambo bila kujali faida yake. Morris na wenzake walisimama juu ya desturi hiyo. Walizungumza kama waungwana wanaolitakia jimbo mema, na walikasirika walipoambiwa kwamba wanajisemea wenyewe.

Findley aliwaambia hivyo waziwazi. Alisema kwamba wanaoitetea benki ni wanahisa wake au wakurugenzi wake, kwa hiyo wanaamua kesi yao wenyewe. Hakusema kwamba ni waovu. Alisema mtu mwingine yeyote aliyeko mahali pao angefanya vilevile, na kwamba wana haki kamili ya kuitetea benki yao ndani ya ukumbi ule. Asichokubali ni wao kujivika vazi la mtu asiye na upande. Aliongeza kwamba mali huigusa roho ya binadamu karibu katika kila uwezo wake, kupitia kile alichonacho sasa, anachokitarajia na anachokihofia. Hoja hii inanishangaza kila ninapoifikia, kwa sababu Findley angeweza kufanya jambo rahisi zaidi, yaani kudai kwamba matajiri wana tamaa na wakulima ni wasafi. Badala yake alikubali kwamba yeye na wapiga kura wake nao wana maslahi, kwamba noti za karatasi zinawafaa wao, na kwamba bunge ni mahali ambapo maslahi hayo yote yanawekwa mezani yakiwa na majina ya wenyewe.

Upande wake ulishinda mwaka huo. Haukushinda kwa muda mrefu, kwani mwaka 1787, baada ya uchaguzi mwingine, benki ilipata hati mpya, safari hii ikiwa na ukomo wa miaka 14 na mipaka juu ya mtaji wake. Katika vita hivyo vya maneno hata Thomas Paine, kipenzi cha mafundi na watu wa kawaida, alishika kalamu kuitetea benki. Nadhani Paine alikuwa na hoja ya kweli aliposema kwamba bunge linalofuta mkataba leo linaweza kufuta mwingine kesho. Ila hoja yake haikujibu swali la Findley kuhusu nani anapiga kura juu ya mali ya nani.

Kisha likaja suala la Katiba ya Muungano. Ujumbe wa Pennsylvania katika mkutano wa Philadelphia wa mwaka 1787, ulioiandika Katiba hiyo, ulikuwa na watu wanane, na wote waliishi Philadelphia. Kwa maelezo yake mwenyewe miaka mingi baadaye, Findley alifikiriwa kuwa mjumbe, lakini alijitoa alipoarifiwa kwamba wajumbe hawatalipwa. Jambo hili husemwa kwa haraka katika vitabu, nami naona linastahili kutazamwa vizuri, maana mkutano ule ulikaa kuanzia Mei hadi Septemba, na shamba lake lilikuwa zaidi ya kilomita 400 ng'ambo ya milima. Utumishi wa bure ulionekana kuwa heshima kwa aliyeweza kuumudu, na kwa asiyeweza ulikuwa mlango uliofungwa kwa adabu.

Katiba ilipokamilika, wafuasi wake walitaka bunge la jimbo liitishe mkutano wa kuidhinisha haraka, kabla watu wa nyuma ya milima hawajaisoma. Wabunge 19 waliopinga waliacha kuhudhuria ili akidi isitimie. Findley alikuwa miongoni mwao. Asubuhi ya tarehe 29 Septemba 1787, umati uliwafuata wawili kati yao, James McCalmont na Jacob Miley, kwenye nyumba walimopanga, ukawakokota hadi ukumbini na kuwakalisha kwa nguvu. McCalmont alijaribu kutoka akazuiwa. Akidi ikatimia, kura ikapigwa.

Mkutano wa kuidhinisha ulianza Novemba katika jumba la serikali la Philadelphia, na hapo ndipo lilipotokea tukio ninalolipenda kuliko yote katika maisha ya Findley. Jumamosi tarehe 8 Desemba, akieleza kwa nini Katiba ilipaswa kutaja haki ya kesi za madai kusikilizwa mbele ya juri, yaani jopo la raia wa kawaida, alisema kwamba Sweden iliwahi kuwa na juri kisha ikaipoteza. Jaji Mkuu wa jimbo, Thomas McKean, na James Wilson, aliyekuwa mmoja wa wanasheria mahiri kuliko wote nchini, walimkatiza na kumtaka ataje chanzo. Wilson alisema hajawahi kukutana na jambo hilo katika usomaji wake wote. Tafadhali fikiri hali ilivyokuwa: mfumaji mwenye lafudhi ya Ireland, ambaye magazeti ya mjini yalimdhihaki kwa ufundi wake, amesimama mbele ya jaji mkuu na mwanasheria msomi, anaambiwa mbele ya ukumbi mzima kwamba ametunga habari.

Jumatatu Findley alirudi na vitabu. Kimoja kilikuwa juzuu ya tatu ya William Blackstone, kitabu ambacho kila mwanafunzi wa sheria aliyezungumza Kiingereza alikianzia. Akakifungua na kusoma: huko Sweden juri, iliyodumu na nguvu zake zote hadi katikati ya karne iliyotangulia, sasa imeachwa. McKean hakusema neno juu ya suala hilo. Wilson alikiri kwamba hakulikumbuka, lakini hakuweza kuliacha hapo. Akasema kwamba wenye akiba ndogo ya maarifa hukumbuka kila kilichomo, ilhali katika ghala kubwa mengi husahaulika, na akasimulia jibu la mwanasheria mmoja wa zamani wa Uingereza aliyemwambia kijana kwamba amesahau sheria nyingi kuliko alizowahi kujifunza kijana huyo. Katika majibu ya kiburi niliyowahi kuyasoma katika kumbukumbu za mabunge, hili liko miongoni mwa yale yanayoniumiza zaidi, kwa sababu limetoka kwa mtu ambaye kweli alikuwa na akili kubwa na ambaye, kwa haki, aliamini katika kura ya wananchi kuliko wenzake wengi.

Tarehe 12 Desemba Katiba iliidhinishwa kwa kura 46 dhidi ya 23. Siku sita baadaye wapinzani 21 walichapisha sababu zao, pamoja na marekebisho waliyokuwa wameyapendekeza bila kusikilizwa: uhuru wa dhamiri, uhuru wa magazeti, juri katika kesi za madai, na hata haki ya kuwinda na kuvua samaki, jambo ambalo mtu wa mjini anaweza kulicheka lakini ambalo watoto wa Ireland, waliotoka katika nchi ya mito na misitu ya mabwana, hawakuliona dogo. Hati ya Haki, yaani marekebisho kumi ya kwanza ya Katiba, ilipopata nguvu ya sheria mwezi Desemba 1791, Findley alikuwa tayari ameketi katika Baraza la Wawakilishi la taifa. Kabla ya hapo, katika mkutano wa kuandika upya katiba ya jimbo wa 1789 na 1790, alikuwa ameshirikiana na Wilson yuleyule kutetea maseneta wa jimbo wachaguliwe na wananchi moja kwa moja. Hakuwa mtu wa kuishi na kisasi.

Mtihani wake mgumu ulikuwa wiski. Nyuma ya milima farasi wa mizigo aliweza kubeba pishi chache tu za nafaka hadi sokoni, lakini nafaka hiyohiyo ikikenekwa na kuwa wiski ililipa gharama ya safari mara nyingi zaidi. Wiski ilitumika pia kama fedha mahali ambapo sarafu zilikuwa adimu. Mwezi Machi 1791 Alexander Hamilton, waziri wa fedha wa taifa, alipata sheria ya ushuru wa pombe kali, ushuru uliotakiwa kulipwa kwa fedha taslimu, na mtu aliyeshtakiwa kwa kuukwepa aliweza kuitwa Philadelphia kujibu. Findley aliupinga ushuru bungeni na kwa maandishi, akauunganisha na mfumo mzima wa Hamilton wa kulipa madeni ya vita kwa thamani kamili kwa walanguzi waliozinunua hati za askari kwa bei ya kutupa. Lakini majirani zake walipofikia kuchoma nyumba ya mkaguzi wa ushuru John Neville mwezi Julai 1794, hakuwaunga mkono.

Serikali ilikusanya jeshi la karibu watu 13,000. Mapema Oktoba, mkutano wa wakazi ulimtuma Findley na David Redick kwa Rais Washington, wakamkuta katika mji wa Carlisle. Walimweleza kwamba watu wametulia, kwamba sheria itatiiwa, na kwamba jeshi halihitajiki tena. Washington aliwasikiliza kwa heshima na kuwaambia kwamba anataka uthibitisho usio na shaka wa utii kamili. Jeshi likaendelea na safari, Hamilton akiwa nalo. Katika kitabu chake cha mwaka 1796 kuhusu maasi hayo, Findley anaeleza jinsi Hamilton alivyowahoji mashahidi akiwasukuma wataje jina lake. Hakupatikana wa kulitaja. Waliotiwa hatiani kwa uhaini walikuwa wawili tu, na Washington akawasamehe. Kitabu kile kina hasira, na kinarefuka mno mwandishi anapojitetea, lakini ni miongoni mwa maandishi machache ya wakati ule yanayoeleza kwa utulivu jinsi ushuru ule ulivyoonekana kutoka mlangoni kwa mkulima. Ushuru wenyewe ulifutwa mwaka 1802.

Waliomdharau hawakufika salama. Morris na Wilson walijitumbukiza katika ulanguzi wa ardhi kwa mikopo, wakazama. Morris alifungwa kwa madeni huko Philadelphia kuanzia 1798 hadi 1801, mwendo mfupi tu kutoka mahali alipoitetea benki. Wilson, akiwa jaji wa Mahakama ya Juu ya taifa, aliwakimbia wadai wake na kufa North Carolina mwaka 1798. Sifurahii maanguko yao, lakini yanaonyesha jinsi dhana ya tajiri asiye na haja ya kitu ilivyokuwa dhaifu tangu mwanzo: watu wale walikuwa na haja kubwa kuliko mkulima yeyote wa Westmoreland.

Findley alitoka katika Baraza la Wawakilishi mwaka 1799, akawa seneta wa jimbo, akarudi mwaka 1803 na kubaki hadi Machi 1817. Kwa kuwa hakuna mbunge aliyekuwa amekaa muda mrefu kuliko yeye, wenzake walimwita Baba wa Baraza, naye ndiye wa kwanza kupewa jina hilo. Alirudi Westmoreland akiwa na umri wa karibu miaka 75, akafa mwanzoni mwa Aprili 1821 na kuzikwa karibu na Latrobe. Hakuna sheria kubwa yenye jina lake, na nadhani ndiyo maana wanafunzi wengi wa Marekani humaliza shule bila kumsikia. Anayetaka kumjua asianzie kwenye wasifu wake. Aanzie kwenye kurasa za Carey za mwaka 1786, pale Morris anapokanusha kwamba ana upande, na Findley anapoinuka kumjibu.